Mwaka 1977: gumzo la kikundi cha ukoo, Himo na Taveta

Neema: Shikamooni wote. Mkutano wa ukoo wa Desemba nimepewa kazi ya kuandika historia yetu. Nimekwama mwaka 1977. Baba kazaliwa mwaka huo, Babu kahamishwa kazi mwaka huo, na kila ninayemuuliza ananiambia "ule mwaka acha tu". Naomba waliokuwepo wanisimulie hapa hapa, nitaokota mwenyewe.

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Mimi sikuwa nimezaliwa, nasubiri wenye habari.

Baraka (Dar): Neema, matukio makubwa ni haya. 5 Februari TANU na ASP zinaungana, inazaliwa CCM, sherehe Zanzibar. 13 Februari Sokoine anakuwa Waziri Mkuu badala ya Kawawa. 25 Aprili Bunge Maalum linapitisha Katiba, ndiyo hii hii tunayoitumia mpaka leo, marekebisho yakiongezwa juu yake. Halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika katikati ya mwaka. Hapo umemaliza.

Bibi Taveta: Baraka mjukuu wangu, hujamaliza. Hujaanza hata. Mpaka je?

Baraka (Dar): Shikamoo Bibi. Nisamehe, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari hiyo hiyo.

Bibi Taveta: Marahaba. Basi hilo ndilo la kuanza nalo. Hayo mengine tuliyasikia redioni. Hili la mpaka lilituingia ndani ya nyumba.

Babu (Himo): Marahaba wajukuu zangu wote. Nimesoma. Naandika polepole, mnivumilie. Neema, kwanza elewa mimi nilikuwa mfanyakazi wa nani. Sikuwa mfanyakazi wa serikali ya Tanzania. Nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Moshi, mwajiri wangu East African Railways, makao makuu Nairobi. Bandari makao yake yalikuwa Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala, Ndege Nairobi. Sekretarieti ya Jumuiya ilikuwa Arusha. Ndivyo walivyogawana kwenye mkataba wa Kampala wa 1967. Nilikuwa na wenzangu Wakenya na Waganda tuliokula meza moja. Uhamisho wa kutoka Moshi kwenda Voi ulikuwa jambo la kawaida kabisa, barua inakuja, unafunga mizigo.

Babu (Himo): Na treni ilikuwa inapita hapa. Kutoka Moshi unafika Kahe, pale reli inagawanyika. Moja inashuka Tanga, nyingine inakwenda Taveta mpaka Voi, halafu Mombasa. Bibi yenu wa Taveta alipoolewa 1974 sikusema dada yangu ameolewa nchi nyingine. Nilisema ameolewa Taveta.

Bibi Taveta: Ni kweli kaka. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, Mama alikuwa anakuja Taveta na ndizi zake, anauza, anashinda kwangu, jioni anarudi Himo. Hakuwa na pasipoti maisha yake yote.

Neema: Sasa ilikuwaje mpaka ukafungwa? Kitabu chetu cha shule kilitupa sentensi moja, "tofauti za kiitikadi".

Baba Mkubwa (Mwanza): Itikadi ilikuwepo, sisi na Ujamaa, wao na soko lao, na maneno makali ya majukwaani pande zote mbili. Lakini ugonjwa ulianza zamani. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa 1970, kila nchi ikachukua chake. Kwenye mitihani ya pamoja sisi tulijitoa 1971. Januari mwaka huo huo Amin akampindua Obote, Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Sasa chombo cha juu cha Jumuiya ni marais watatu. Wasipokutana, nani ataamua? Toka hapo hawakukutana tena.

Baba Mkubwa (Mwanza): Halafu fedha. Uganda na sisi tulilalamika kwamba viwanda na faida vinakwenda Kenya. Kenya ikalalamika kwamba inabeba mzigo wa wengine. Kila nchi ikaanza kuzuia makusanyo yasiende makao makuu. Shirika la reli linaendeshwaje kama kila kanda imekalia hela zake?

Babu (Himo): Hilo nililiona kwa macho yangu. Vipuri viliacha kuja. Injini ikiharibika vibaya inapelekwa karakana ya Nairobi, na ikienda huko hujui kama itarudi. Mabehewa tulianza kuyahesabu kila jioni, yako upande gani wa mpaka. Mwaka 1976 sisi makarani tulikuwa tumeshajua. Viongozi walikuwa bado wanahutubia umoja.

Baraka (Dar): Na ndege ndizo zilizotangulia. East African Airways ilisimama mwishoni mwa Januari 1977. Kenya Airways ikaruka 4 Februari, yaani siku moja kabla ya CCM. Air Tanzania ikaanzishwa 11 Machi.

Babu (Himo): Sahihi. Na hapo ndipo Mwalimu alipofunga mpaka. Magari ya watalii ya Kenya yaliyokuwa huku yakazuiwa, ndege ndogo pia. Nisikilizeni vizuri wajukuu, nasema kwa dhati: mimi nilimwelewa. Watalii walikuwa wanashukia Nairobi, wanalala Nairobi, wanalipa Nairobi, wanakuja kuangalia Ngorongoro na Serengeti na Mlima wetu kisha wanarudi. Sisi tulibaki na vumbi. Nchi ilikuwa na haki ya kusema basi.

Bibi Taveta: Kaka, haki ilikuwepo, sibishi. Lakini aliyefungiwa siye mwenye kampuni ya watalii. Huyo alipata njia nyingine. Aliyefungiwa ni Mama na mkungu wake wa ndizi.

Mama Neema: Bibi 😢

Baba Neema: Shangazi, endelea. Mambo haya sijawahi kusimuliwa vizuri, nami ndiye mtoto wa mwaka huo.

Bibi Taveta: Ilikuwa siku ya soko. Watu wa Himo na Holili hawakuja. Tukasubiri mpaka saa nne, saa tano. Mabanda ya ndizi matupu. Kuna aliyesema kuna ugonjwa huko, mwingine akasema ni sherehe za chama kipya. Mchana ndipo askari wakatuambia kumefungwa. Tulidhani ni wiki moja. Kila mtu alidhani wiki moja.

Baba Mkubwa (Mwanza): Ikawa karibu miaka saba. Ulifunguliwa Novemba 1983, walipokutana Arusha Mwalimu, Moi na Obote. Mzee Kenyatta alikuwa ameshafariki 1978, na Amin alikuwa ameshaondolewa 1979.

Neema: Miaka saba! Na Babu ulikuwa wapi muda huo?

Babu (Himo): Tabora. Bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, Juni ilipoisha na Jumuiya ikaisha nayo. Sisi tulikuwa tumeshaanza kugawanywa. Likaundwa Shirika la Reli Tanzania, nikapewa Tabora, kwa sababu kule ndiko njia zinakokutana, ya Kigoma na ya Mwanza, na watu walihitajika. Wenzangu Wakenya pale Moshi waliondoka. Mmoja aliniachia baiskeli yake na ufunguo wa nyumba, akasema nimtunzie, atarudi. Hakurudi. Ile baiskeli niliitunza mpaka 1983, kisha nikamtafuta Voi, nikaambiwa amehamia Kisumu. Hili Neema liandike, lilinikaa moyoni.

Baba Neema: Kwa hiyo nilizaliwa Juni, Baba ukiwa Tabora na Shangazi akiwa ng'ambo ya mpaka.

Babu (Himo): Ndiyo mwanangu. Nilikuona una miezi mitano.

Bibi Taveta: Mimi nilikuona kabla yake.

Baba Neema: Ulikuja? Vipi?

Bibi Taveta: Kwa njia za panya. Ilikuwa Septemba. Mama alikuwa amefariki. Habari aliniletea mtu wa magendo, kwa sababu barua ilikuwa inachukua dunia nzima kufika. Alikuja usiku akaniambia, "Mama yako tumemzika jana." Nikamwambia nipeleke. Tukatoka na wenzangu wawili, tukazunguka kwa Ziwa Chala, ukishika ile njia ya chini ya mlima unatokea Rombo. Usiku ule doria ilikuwa kali, tukashindwa kupita, tukalala kwa watu. Kesho yake usiku ndipo nikafika Himo. Kaburi lilikuwa bichi.

Bibi Taveta: Nikakaa usiku mmoja. Mama yako akaniwekea mtoto mapajani. Ndiye wewe. Nikarudi alfajiri.

Mama Neema: Pole sana Bibi. Pole mama yetu.

Baraka (Dar): Pole Bibi. Nilianza vibaya kabisa kwa kuorodhesha tarehe.

Bibi Taveta: Tarehe ni nzuri mjukuu wangu, ziandikwe. Ila na watu waandikwe.

Baba Mkubwa (Mwanza): Neema, na hili la magendo lieleze kwa haki. Serikali iliwaita wahujumu, na walikuwepo kweli walionenepa kwa njia hiyo. Kahawa ndiyo iliyowatajirisha. Baridi kali iliua kahawa ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ikapanda sana, 1977 ikawa juu kuliko wakati wowote tulioujua. Wakulima wa Mlimani huku chama chao cha ushirika, KNCU, kimefutwa 1976 pamoja na vyama vingine vyote vya ushirika, kahawa inanunuliwa na mamlaka ya serikali, malipo yanachelewa. Ng'ambo ya mpaka wanalipa taslimu. Unategemea nini? Magunia yalikwenda Kenya, yakarudi sabuni, mafuta ya kupikia ya Kimbo, vitenge.

Babu (Himo): Sikubaliani na kahawa. Ile ilikuwa fedha ya kigeni ya nchi, ya dawa na mafuta. Sabuni ya familia naielewa. Gunia la kahawa ni jambo lingine.

Baba Mkubwa (Mwanza): Nakubali Baba kuna tofauti. Lakini mkulima asiyelipwa naye ana watoto.

Babu (Himo): Ana watoto. Basi andika yote mawili, Neema.

Neema: Nitaandika yote mawili Babu. Baba Mkubwa, wewe ulikuwa na miaka minane, unakumbuka nini?

Baba Mkubwa (Mwanza): Shule! Huu ndio upande wa mwaka ule ninaoupenda. TANU ilikuwa imekutana Musoma Novemba 1974 ikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Ndiyo UPE, elimu ya msingi kwa wote. Balozi wa nyumba kumi alipita nyumba kwa nyumba akituandika majina. Januari 1978 tukaanza darasa la kwanza, wengine chini ya mti. Mwalimu wangu alikuwa amemaliza darasa la saba tu, akafundishwa ualimu huku akifanya kazi. Watu wanawabeza walimu wa UPE, mimi siwezi. Yule dada alinifundisha kusoma. Majirani zetu wawili wa kike, ambao baba yao alikuwa ameapa hawatasoma, walisoma kwa sababu ya amri ile.

Mama Neema: Mmoja wao ndiye aliyenifundisha mimi darasa la tatu, miaka mingi baadaye.

Baba Mkubwa (Mwanza): Basi unaona. Na hapa Mwanza pia mgawanyo ulifika ziwani. MV Victoria na MV Umoja zikabaki kwetu, MV Uhuru ikabaki Kenya. Meli zilizokuwa zinazunguka ziwa lote, Kisumu, Port Bell, Bukoba, Musoma, zikawa kila moja na pwani yake.

Baraka (Dar): Mali nyingine ziligombaniwa mpaka 1984. Msuluhishi alikuwa Mswisi, Victor Umbricht. Wakakubaliana Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na kila nchi iwalipe pensheni raia wake waliofanya kazi kwenye mashirika.

Babu (Himo): Kulipwa kwenyewe kulituchukua maisha. Wenzangu wengi wamekufa wakiwa na mafaili mkononi, wakipanda ngazi za ofisi wakiambiwa rudi mwezi ujao. Faili langu lipo kabatini, Neema, na barua ya ajira ya mwaka 1966 imo. Ukija Desemba ipige picha kila karatasi, hata zile zenye mihuri iliyofifia. Zile karatasi ndizo zinaonyesha nchi tatu ziliwahi kuniajiri kwa pamoja.

Neema: Nitapiga Babu. Na kuhusu CCM, Babu, ulifurahi? Au ilipotelea kwenye hayo mengine?

Babu (Himo): Nilifurahi, na sitaficha. Nilikuwa mwana TANU tangu kijana. TANU ilizaliwa 1954, ASP 1957, 5 Februari, ndiyo maana siku ile ilichaguliwa, na ndiyo siku lilipotangazwa Azimio la Arusha miaka kumi nyuma. Pale stesheni tulisikiliza redio, Mwalimu Mwenyekiti, Aboud Jumbe Makamu wake. Tulipiga makofi. Wakati tunapiga makofi yule mwenzangu Mkenya alikuwa amekaa kimya kwenye benchi. Sikujua nimwambie nini.

Bibi Taveta: Neema, nimekumbuka jambo. Wale watu waliotulaza njiani ule usiku wa Chala, walitupa chakula na blanketi, wangekamatwa wangefungwa. Tulikuwa hatujuani. Nitakupigia kesho nikupe majina, yaingie kwenye historia ya ukoo kama ndugu. Wote wamefariki isipokuwa binti yao mmoja, wakati ule alikuwa msichana, ndiye aliyetuonyesha njia asubuhi.

Baba Neema: Shangazi, huyo aalikwe Desemba.

Mama Neema: Nimeshamwongeza kwenye orodha ya wageni. Yuko upande gani, Bibi?

Bibi Taveta: Huko huko kwenu, Chala ya Rombo. Ila mtume gari, miguu inamsumbua.

Baraka (Dar): Nitamfuata mimi Bibi, tarehe 27 asubuhi. Nikimchukua yeye napita Holili nakuchukua na wewe.