Mrejesho: udongo wa zamani kwenye tangi jipya la mimea

Wakuu, niliuliza hapa kama naweza kuhamishia udongo na changarawe za tangi langu la zamani la samaki na mimea ya majini kwenye jipya, au ninunue vyote upya. Nimetumia vilevile vya zamani, na mimea imeshika.

Samaki na maji vilitoka kwanza, udongo ukafuata. Kuuchota samaki wakiwa bado ndani ni hatari, maana uchafu uliolala chini ukitibuka unaweza kupandisha ghafla amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Changarawe nilizisuuza kidogo tu kwa maji yaleyale ya tangi. Maji ya bomba yenye klorini yangeua bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti (nayo ni sumu), kisha naitreti (yenye madhara kidogo zaidi), na hao ndio sababu kubwa ya kutotupa changarawe za zamani. Hawapendi kukauka pia, kwa hiyo zilikaa na unyevunyevu hadi zinarudi majini.

Udongo wenyewe ulishachoka. Punje nyingi zilikuwa zimevunjika kuwa tope, na rutuba haikuwepo ya kutegemea. Nimeuweka chini, juu nikafunika kwa mchanga, na kwenye mizizi nikachomeka vidonge vya mbolea. Kati ya mimea, Vallisneria hazikusita kukua. Cryptocoryne ziliyeyusha majani yote (tabia yao wakihamishwa, msizing'oe!), sasa zinachipua.

Samaki wamerudi baada ya vipimo vya amonia na naitraiti kubaki sifuri. Aliyenishauri nichemshe udongo, asante mkuu, lakini hiyo niliikwepa.