Nafunga mgahawa wangu Bagamoyo baada ya miaka 11, naombeni ushauri wa kuwaaga watu vizuri

Mama wa Meza Nane:
Wakuu, habari za usiku.

Nina mgahawa hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe, ndani ya nyumba ya mawe ya matumbawe. Meza nane tu, zenye vitambaa. Mgeni anakaa, chakula kinakuja kwa awamu: supu ya pweza, kisha kamba kochi wa tui, kahawa na kaimati mwishoni. Wageni wangu wengi hutoka Dar Ijumaa na Jumamosi, wengine ni watalii waliokuja kuona Kaole na Caravanserai. Katikati ya wiki mara nyingine nawasha jiko kwa ajili ya meza moja. Masika ndiyo kabisa.

Mwenye nyumba alifariki, warithi wanaitaka nyumba yao na mkataba unaisha 31 Desemba. Nimezunguka mji mzima kutafuta nyingine. Nina miaka 58 na magoti hayanipi nafasi ya kuanza upya. Sina deni. Nimeshaamua kufunga.

Kinachoninyima usingizi ni wafanyakazi 9. Bado hawajui. Mpishi wangu mkuu aliingia miaka 8 iliyopita akiosha vyombo. Juzi alikuwa anakuna nazi, kwangu tui la pakiti haliingii, akaniambia, "Mama, mwakani tununue mbuzi nyingine, hii meno yameisha." Sikuweza kumjibu. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma kwenye tanki la maji mpaka macho yakakauka.

Niwaambie lini? Na nina familia imeshalipa nusu ya chakula cha harusi ya Januari.

Mvuvi Mstaafu:
Pole sana dada yangu. Waambie wiki hii. Bagamoyo hii hii naijua: ukimdokeza muuza samaki mmoja pale ufukweni alfajiri, hata jua halijapanda mpishi wako keshasikia, tena kasikia vibaya. Wasikie kinywani mwako, wote wakiwa pamoja.

Afisa Utumishi:
Dada, mbali na utu kuna sheria, na ni vizuri uifuate tangu mwanzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka utoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi, ueleze sababu na ushauriane nao kabla. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Aliyefikisha mwaka anapata kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10.

Mfano wa huyo mpishi. Tuseme mshahara wake wa msingi ni 520,000 na anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Gawa kwa 26, ndizo siku za kazi za mwezi, siku moja ni 20,000. Zidisha kwa 7, kisha kwa 8. Ni 1,120,000, mbali na likizo ambazo hajachukua. Piga hesabu hiyo kwa wote 9 usiku huu na uzitenge hizo fedha kabla hujalipa kitu kingine. Michango ya NSSF iwe imekamilika, na kila mtu aondoke na cheti chake cha utumishi.

Kijana wa Magomeni B:
Mama, kwa nini usigeuze? Fungua sehemu ndogo, uza wali samaki mchana. Watu wapo.

Mama wa Meza Nane:
Mwanangu, nimelifikiria hilo sana. Wali samaki wanaoupika vizuri wapo tayari, na wanasomesha watoto kwa huo. Sitaki kwenda kuwabana.

Bibi wa Raskazone:
Mimi nilikuwa na mgahawa Tanga. Nilifunga kimya kimya, nikabandika karatasi mlangoni. Miaka mingi imepita na bado nakutana na watu sokoni wananiuliza, "Mbona hukutuaga?" Kuna mzee alikuwa anakuja kila Idi na mkewe. Alikuta kufuli. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tangaza mapema, Desemba yote watu waje waage. Ya harusi, rudisha pesa yote sasa hivi wakati wana muda wa kutafuta kwingine, na uwatafutie wewe mpishi. Usisubiri wakupigie.

Mhasibu wa Mjini:
Kitu kinachosahaulika: andika TRA kwamba umefunga, na uombe maelekezo ya mashine ya risiti. Usipowaarifu utaendelea kukadiriwa kodi ya biashara isiyokuwepo. Jina la biashara nalo lina taarifa yake ya kusitisha, inapelekwa BRELA, wanaosajili majina ya biashara. Vyote hivyo kabla hujauza hata kiti kimoja.

Mama wa Meza Nane:
Ahsanteni sana. Narudi na mrejesho.

Niliwaita jana saa nne asubuhi, kabla jiko halijawashwa. Nilisema yote, nikawapa kila mmoja karatasi yenye hesabu yake. Wawili walilia. Mhudumu mmoja aliuliza kama bado atapewa ruhusa ya mtihani wa Novemba, nikamwambia atapewa. Familia ya harusi nimewarudishia pesa, na mpishi wangu ndiye atakayewapikia, kwa jina lake mwenyewe.

Yeye hakusema neno mkutanoni. Jioni wageni walipoondoka alikuja na ile mbuzi, kaiosha, kaifunga kwenye gazeti. Akauliza kama siku ya mwisho anaweza kuondoka nayo. Nikamwambia nitamnunulia mpya. Akasema hapana, anaitaka hiyo hiyo, meno atayanoa.