Mrejesho: Kile kilele bapa cha Mlima Elgon

Wadau, niliweka picha ya kilele chenye kichwa bapa, iliyopigwa upande wa Endebess, Kenya, nikauliza ni kipi na kinapandwaje. Mliosema Koitoboss, mita 4,222, mlipatia. Askari wa lango la Chorlim, la kuingilia hifadhi ya mlima, alikitaja kabla sijamaliza swali. Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote mlimani, mita 4,321, kiko Uganda.

Ushauri wa kulala juu na kuondoka kabla ya mapambazuko ndio ulionibeba. Ule ukuta wa miamba ya volkano unatisha ukiutazama, ila kuna upenyo, unapanda kwa mikono na miguu. Chemchemi za moto za Suam sikuzifikia: ukungu ulishuka, askari akasema turudi. Mvua ikinyesha, gari dogo sahau kabisa. Asanteni sana, hasa aliyesisitiza glavu!