MREJESHO: Baba mdogo aliyekuwa akiwashwa mwili, kumbe ni usubi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niliuliza kuhusu baba mdogo, yuko Rungwe karibu na Mto Kiwira: mwili unamuwasha miaka mitatu, dawa za upele hazisaidii, miguuni ana mabaka meupe. Mmoja wenu akasema, "Mpelekeni akapime usubi," yaani ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wanaouma.

Tulimpeleka. Daktari alimpapasa nyonga, akakuta vinundu viwili vigumu ambavyo sisi tulidhani ni mafuta tu. Akachukua kipande kidogo mno cha ngozi, hata damu haikutoka ya maana, kikalowekwa kwenye maji ya chumvi na kutazamwa kwa hadubini. Minyoo michanga ikaonekana ikijinyonganyonga. Miaka mitatu ya kujipaka dawa za upele! Iliniuma sana.

Kapewa ivamektini, idadi ya vidonge kulingana na urefu wake. Siku mbili za kwanza kuwashwa kulizidi na uso ukavimba kidogo. Tulishaonywa, minyoo ile ikifa ndivyo huwa. Sasa analala usiku. Ila dawa huua ile michanga tu, na mikubwa huishi miaka 10 hadi 15, kwa hiyo atameza kila mwaka. Dawa zilipogawiwa kijijini yeye alikuwa Mbarali kwenye mpunga, na hakuna aliyemuulizia.

Kwa aliyeshauri chandarua: hakitasaidia hapa, inzi wa usubi huuma mchana, na huzaliana kwenye maji yaendayo kasi. Shangazi naye kaanza kujikuna, Jumatatu tunampeleka. Uliyetaja usubi, ndaga fijo (asante sana).