Kuhamisha na kuhifadhi piano kubwa ya kanisa wakati wa ukarabati

Mwanakwaya
Habari zenu, ndugu zangu. Kanisa letu hapa Dar es Salaam litaezuliwa paa mwezi wa tatu, na kazi haitakwisha kabla ya masika kupita. Tunayo piano kubwa ya miguu mitatu, yenye urefu wa karibu mita 1.8. Wazee wa kanisa wamependekeza vijana wa kwaya waibebe hadi kwenye kontena lililoko nyuma ya nyumba ya mchungaji, ikiwa imefungwa nailoni kila upande ili vumbi lisiingie. Nina wasiwasi na mpango huo, ila sina hoja za kitaalamu za kuwapelekea. Naomba ushauri wenu.

Fundi Nyuzi
Ndugu Mwanakwaya, wasiwasi wako una msingi. Piano ya kimo hicho ina uzito wa kilo 300 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni fremu ya chuma inayohimili mvutano wa nyuzi, ambao kwa jumla hufikia tani 18 au zaidi. Miguu imeundwa kubeba uzito unaoshuka wima tu, kwa hiyo piano ikisukumwa kwenye sakafu yenye nyufa na gurudumu moja likanasa, mguu unaweza kung'oka pamoja na kipande cha mbao.

Wanaoifanya kazi hii kila siku hufunga kwanza kifuniko cha vibao vya kupigia, wakaondoa mfuniko mkubwa, kisha wakafungua kile kishikizo cha pedali kilichoko chini. Baada ya hapo hung'oa mguu wa kona ya kushoto kwa mpigaji huku watu wakiishikilia kona hiyo, wakaishusha taratibu hadi piano ikae kwa ubavu wake mrefu ulionyooka, juu ya ubao mnene uliotandikwa godoro la sponji. Miguu miwili iliyobaki hutolewa ikiwa piano imekwisha kulala. Skrubu za kila mguu ziwekwe kwenye mfuko wake na kuandikwa, kwa sababu mara nyingi mguu mmoja haukai sawasawa mahali pa mwingine. Viringisheni mablanketi kwanza, ndipo mkaze mikanda. Mkanda ukigusa vanishi moja kwa moja huacha alama isiyofutika kwa kitambaa. Vijana wa kwaya wasaidie, lakini awepo msimamizi mmoja tu wa kutoa amri.

Mama Neema
Mimi naona safari ni jambo dogo kuliko kontena lenyewe. Mchana bati linawaka, usiku linapoa, na mvuke unageuka matone yanayodondoka kutoka darini. Piano iliyozungushiwa nailoni hubaki na unyevu wake ndani. Chombo hiki hupenda hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 50, ilhali wakati wa masika hapa kwetu asubuhi hupita 80. Ubao wa sauti, yaani ule mpana unaokuza mlio wa nyuzi, unavimba, vibao vinakwama, nyuzi zinaota kutu. Afadhali chumba cha ndani katika nyumba ya mchungaji, mbali na dirisha, piano ikiwa imefunikwa shuka nzito ya pamba. Kama kuna kiyoyozi, kiwashwe kwa kiwango kilekile usiku na mchana, maana kuwasha na kuzima kunaipa mbao misukosuko. Mkiilaza, iinueni kutoka kwenye saruji kwa vipande vya mbao visivyo na mchwa, na mkague panya na nondo kila wiki, kwani sufu ya nyundo ndogo zinazogonga nyuzi ndiyo wanayoitafuta.

Mwanakwaya
Ahsanteni sana. Vibao vyetu vyeupe vina mstari mwembamba unaokatiza katikati, na vimeanza kuwa vya manjano. Je, ni pembe za ndovu?

Fundi Nyuzi
Inawezekana kabisa. Mstari huo ni mahali vipande viwili vilipounganishwa, na ukitazama kwa karibu utaona mishipa kama ya mbao. Pembe nyingi za namna hiyo zilipita Zanzibar katika karne ya 19 kuelekea viwanda vya Connecticut, Marekani. Tunzeni hati za umiliki, waulizeni maofisa wa wanyamapori, na msiivushe mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Pembe ikifungiwa gizani huzidi kuwa ya manjano, kwa hiyo kifunueni kifuniko mara kwa mara, pasipopigwa jua moja kwa moja. Fundi wa kuitune aje wiki tatu baada ya piano kurudi kanisani, si siku ileile.