Peugeot 404 ya marehemu baba: kufufua injini yake au kupandikiza ya Toyota?

KijanaWaKatuba (Lubumbashi)
Nawasalimu wote, wazee na ndugu. Ninayo Peugeot 404 aliyoniachia marehemu baba, nayo imesimama uani kwetu kwa miaka mingi bila kuwashwa. Nimekusudia kuifufua mwenyewe hapa nyumbani, kwa kuwa ninavyo vifaa vya kawaida vya fundi, na mdogo wangu anajua kuchomelea. Sijui nishike lipi: niifungue injini yake na kuitengeneza upya, au niing'oe na kuweka ya Toyota ambayo vipuri vyake vinauzwa katika kila soko la mji huu? Mwenye injini ya Toyota amekubali kunisubiri hadi mwisho wa mwezi tu.

MzeeWaLikasi
Mwanangu, Mungu amrehemu baba yako, na nimefurahi kwamba hukuliuza gari lake kama chuma chakavu. Hata hivyo, swali lako halijibiki jinsi ulivyoliuliza. Gari hilo lilianza kutoka mwaka 1960 na likabadilishwa mara nyingi: yale ya mwanzo yana krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inayoshikwa na beringi tatu, ya baadaye yana tano; yale ya zamani yana breki za ngoma magurudumu yote manne, ya mwishoni yana diski mbele. Lako ni la mwaka gani? Lina kabureta au pampu ya kupuliza petroli? Ni salun au pikapu? Na zaidi ya yote, injini inazunguka kwa mkono au imekwama?

Fundi_Kampemba (Lubumbashi)
Mimi sihitaji kujua mwaka. Weka injini ya Toyota, ndugu yangu. Gari linalosimama wiki nzima likingoja gasketi kutoka Ulaya si gari la kufanyia kazi. Injini ya Toyota aina ya 5K utaipatia pistoni, pete, pampu ya maji na kabureta hapa hapa mjini kwa siku moja, na kila kijana wa garaji anaijua kwa moyo.

MamaNeema (Bukavu)
Naheshimu uzoefu wa Fundi, lakini sikubaliani naye. Gari hili lilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Na ushindi wa 1966 na 1967 ulichukuliwa na Bert Shankland kutoka Tanzania, katika matope na vumbi kama letu. Injini iliyofanya hayo, yenye sentimita za ujazo 1,618, haikuwa dhaifu, na inatengenezeka nyumbani kwa sababu silinda zake ni shemizi (mirija ya ndani ya bloku) zinazotolewa moja moja. Shemizi zikilika, unanunua nyingine pamoja na pistoni zake, wala huhitaji mashine ya kuchonga bloku. Onyo moja tu: ukishatoa kulasi (kifuniko cha juu cha injini), zibane shemizi kwa boliti na vipande vya chuma kabla hujazungusha krenki, kwa sababu zikiinuka hata kidogo, pete za chini zinaachia na maji yataingia katika oili.

MzeeWaLikasi
Sasa naomba nieleze kwa kirefu yaliyonipata, kwa sababu kijana huyu yuko karibu kuingia njia ile ile. Nilikuwa na 404 salun, na garaji moja ikanishawishi kwamba injini ya Toyota itaingia bila tabu. Jambo la kwanza, injini ya 404 imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini, na ile ya Toyota inasimama wima, wakakata boneti. La pili ndilo lililoniumiza. Katika 404, shafti inayokwenda difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) imo ndani ya mrija mnene wa chuma, na mrija huo haufuniki shafti tu, bali ndio unaouzuia mhimili wa nyuma usijipinde unapokanyaga mafuta. Mafundi wale waliukata mrija, wakaweka gia boksi ya Toyota na shafti ya wazi, kisha wakanikabidhi gari likiwa limepakwa rangi na kung'aa. Kila nilipoondoka kwa nguvu, difu iliinua pua yake juu na maungio ya shafti yakagonga sakafu. Mwishowe, katika barabara ya kuja Lubumbashi, ungio la mbele lilikatika, shafti ikachimba lami, na familia yangu ilikuwa ndani. Nilipodai haki yangu, nikaambiwa kwamba kosa ni la Peugeot. Kisha polisi wa barabarani nao wakaona namba ya injini hailingani na hati za gari.

Fundi_Kampemba (Lubumbashi)
Mzee, pole sana. Ila hilo ni kosa la waliofanya kazi, si la wazo lenyewe. Anayeweka injini ya Toyota huweka na mhimili wa nyuma wa Toyota pamoja na vyuma vya kuushikilia.

MamaNeema (Bukavu)
Basi umekwisha kubadilisha injini, gia boksi, mhimili, springi na breki za nyuma, na bado unaliita gari la baba yake? Kama lazima abadilishe, kuna njia ya tatu ambayo hakuitaja: injini ya Peugeot 504. Ni ya ukoo mmoja na hii, nayo imelazwa vile vile, kwa hiyo mrija na difu ya asili vinabaki mahali pake.

KijanaWaKatuba (Lubumbashi)
Asanteni wazazi wangu. Ni salun yenye kabureta. Mwaka siujui kwa sababu hati zimo katika sanduku lililoko kwa shangazi. Injini haizunguki.

MzeeWaLikasi
Haizunguki kwa sababu gani? Baba aliliegesha likiwa zima, au lilichemka likazimika njiani? Hapo ndipo penye jibu lote. Kama liliegeshwa zima, toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia otomatiki katika kila silinda, liache litulie, kisha jaribu kuzungusha kwa mkono, ukipeleka mbele na kurudisha nyuma. Usitumie stata kamwe. Kama lilichemka, fungua kizibo cha maji kilicho ubavuni mwa bloku: mara nyingi utakuta tope gumu limezunguka shemizi, na tope hilo ndilo lililoua injini, hata kama radieta ilikuwa safi.

Kando_ya_Kivu (Goma)
Samahani kwa kuingilia, lakini wote mnazungumzia injini, na hakuna aliyeuliza juu ya bodi. Gari hili halina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo chasisi. Huku kwetu, mvua iliyochanganyika na moshi wa volkano ya Nyiragongo hula bati haraka, nami nimeona 404 yenye injini nzuri iliyokunjika katikati ilipoinuliwa kwa jeki. Chukua bisibisi, gonga chini ya milango pande zote mbili. Ikitoboka, injini isubiri.

Fundi_Kampemba (Lubumbashi)
Hapo nakubali kabisa. Na mdogo wako anachomelea kwa kutumia nini? Posti (mashine) ya vijiti ya kuchomelea mageti itatoboa bati hilo jembamba. Tafuta mashine ya waya na gesi.

Kando_ya_Kivu (Goma)
Mashine ya waya inataka umeme usiokatika. Mimi hutumia oksijeni na asetileni, kwa vituo vifupi vifupi, nikipoza kwa kitambaa chenye maji.

Fundi_Kampemba (Lubumbashi)
Gesi inapinda bati. Mlango hautafunga tena.

Kando_ya_Kivu (Goma)
Bati halipindi ikiwa umechomelea kwanza chuma cha muda kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, kabla ya kukata chochote.

KijanaWaKatuba (Lubumbashi)
Nimegonga. Upande wa dereva bisibisi imezama, ila chini ya kutu naona mastiki nyeupe (dawa ya kuzibia mashimo ya bati) iliyowekwa zamani, nene kama kidole. Upande wa pili ni mgumu. Plagi tatu zimetoka, ya nne inakataa. Mwenye injini ya Toyota amenipigia simu tena.

MamaNeema (Bukavu)
Usilazimishe plagi ya nne, kwa sababu kulasi ni ya aluminiamu na nyuzi zake hutoka pamoja na plagi. Iloweshe, ipashe moto kidogo, ujaribu tena baada ya siku kadhaa. Na hizo tatu zilizotoka, ncha zake zina rangi gani: nyeusi kavu, oili, au kutu?

Kando_ya_Kivu (Goma)
Ing'oe mastiki yote kwanza, kisha utuwekee picha ya bati lilivyo chini yake, kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma.