Acheni kuandika PICHA/HISANI chini ya kazi ya mpigapicha mnayemjua

Wahariri wa picha na wasanifu kurasa wa magazeti ya Nairobi, haya ni yenu, na tafadhali msiniambie ni mambo madogo.

Asubuhi baada ya maandamano, ukurasa wa kwanza umejaa picha moja: polisi wamejipanga Kenyatta Avenue, moshi wa vitoa machozi umetanda nyuma yao. Pembeni, kwa herufi za kuchungulia: PICHA/HISANI, maneno ya picha mliyopewa tu, bila jina la aliyeipiga. Aliyeipiga alikuwa hatua chache kutoka kwenye foleni hiyo, kamera mbili shingoni, moja ikiwa na lenzi ya 70-200 ya kuvuta vya mbali na nyingine ya 24-70 ya vya karibu, kwa sababu ukifungua kamera kubadilisha lenzi hapo, vumbi linaingia hadi kwenye kihisio kinachonasa picha na tukio linakupita. Mna namba yake ya simu. Mlimpigia mchana kutwa mkimwambia aharakishe. Usiku jina lake limewapotea vipi?

Jibu lenu huwa moja: "Faili ilikuja bila jina." Ilikuja bila jina kwa sababu nyinyi wenyewe mlimwambia arushe kwa WhatsApp! Faili ya JPEG, ile ya kawaida ya picha, ina nafasi ndani yake za kuandika mpigapicha, maelezo, mahali, tarehe na mwenye hakimiliki. Ndizo nafasi za IPTC, na vyumba vya habari duniani vimezitumia tangu miaka ya 1990. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maandishi hayo yote yanafutwa, na faili inabatizwa jina kama IMG-20240625-WA0031. Msanifu anaipokea mtambo ukimsubiri, haoni jina la mtu, anaandika hisani na kufunga ukurasa.

Picha yenyewe nayo inaharibika. Kwa ubora wake wa kawaida WhatsApp hupunguza upande mrefu hadi karibu pikseli 1,600. Picha ya upana wa sentimita 25, ikichapishwa kwa pikseli 200 kwa inchi, inahitaji karibu 1,970. Kwa hivyo mnaivuta ijae, nyuso zinavunjikavunjika, na kesho yake msomaji analalamika kwamba mpigapicha hajui kulenga. Kamera ya megapikseli 24 ilikuwa imetoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Mmezitupa wenyewe njiani.

Na tusidanganyane kwamba suluhisho ni gumu. Kamera za kazi zina mahali kwenye menyu pa kuandika jina la mpigapicha na la mwenye hakimiliki. Ukiandika mara moja, kila picha inatoka nalo. Saa za kamera zote mbili zilinganishwe kabla ya kutoka ofisini, la sivyo picha za tukio moja zitapangika ovyo. Kadi ikiingia kwenye kompyuta, programu kama Photo Mechanic inabandika kiolezo cha IPTC kwenye picha zote kwa mpigo, kisha unaandika maelezo ya zile chache ulizochagua. Toa JPEG ya upande mrefu wa pikseli 3,000, ubora wa 80 hivi. Itume kwa FTP, yaani moja kwa moja hadi kwenye seva ya gazeti, au kwa baruapepe. Kama hakuna njia ila WhatsApp, itume kama hati, si kama picha: faili inafika kamili, na jina lake ndani.

Kuna jambo jingine ambalo lingewatia hofu kama mngelifikiria. Picha isiyo na jina haina mtu wa kuulizwa. Maelezo yanasema "mporaji akitoroka Moi Avenue", kumbe ni mwenye duka aliyekuwa akiokoa mali yake. Nani atapigiwa simu saa nne usiku athibitishe? Hamna. Mtachapisha hivyo hivyo, na wiki ijayo barua ya wakili iko mezani. Maelezo yanayofaa yanataja barabara, siku, anachofanya mtu huyo, na majina kutoka kushoto kama ni watu wanaotajika. "Waandamanaji wakikabiliana na polisi" hayasaidii mtu yeyote, leo wala miaka kumi ijayo maktabani.

Halafu mnajificha nyuma ya sheria: "Tulimwagiza kazi, picha ni yetu." Isomeni yote basi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inahamishia hakimiliki kwa aliyeagiza kazi au kwa mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Sawa. Kifungu cha 32 kinamwachia mtunzi, hapa mpigapicha, haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, hata baada ya hakimiliki kuhama. Kulipia picha hakuwapi ruhusa ya kufuta jina la aliyeipiga.

Anayeumia zaidi ni mwakilishi asiye na mshahara, anayelipwa kwa picha iliyochapishwa. Mwisho wa mwezi anapeleka orodha yake na kurasa alizokata, mhasibu anatazama, anaona HISANI, anaipigia picha hiyo mstari: hailipwi. Nauli alilipa yeye, bando alinunua yeye, na kamera ikigongwa rungu ukarabati ni wake.

Mliokatwa hivyo mwezi huu, msiende mikono mitupu. Bebeni faili asilia ya RAW, ile ghafi iliyotoka kwenye kamera, pamoja na picha zilizotangulia na zilizofuata katika mfululizo huo huo. Aliyeiokota mtandaoni hana hizo. Kwa kawaida faili hiyo hubeba pia namba ya kamera. Ambatisheni ukurasa uliochapishwa na ujumbe wa WhatsApp mliotumia kuituma picha, wenye saa. Dai liandikwe kwa baruapepe kwa mhariri wa picha, nakala kwa mhasibu, likitaka mambo mawili: malipo, na sahihisho lenye jina lenu katika toleo linalofuata.

Wahariri mnaosoma hapa, nani kati yenu amewahi kuchapisha sahihisho la namna hiyo? Jibuni.